Moshi Niliowasingizia Wakaren

Niliandika hivi katika makala, na jina langu likawekwa juu yake kwa herufi nene: "Moshi unaoifunika Mae Hong Son kila kiangazi unatokana na wakazi wa milimani, hasa Wakaren, wanaoendelea kuchoma misitu kwa kilimo cha kuhamahama." Sentensi hiyo si ya kweli. Ingeandikwa na mtu asiyeujua moto wa msituni ningesema amepotoka tu, basi. Lakini mimi ni bwana misitu. Moto ndiyo kazi niliyolipwa mshahara kuijua, na katika daftari nililorudi nalo kutoka Thailand mlikuwa na maelezo ya kutosha kunizuia nisiandike upuuzi ule. Sikulifungua daftari. Nilikuwa na haraka, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Tulikuwa maofisa misitu kutoka nchi mbalimbali, tumealikwa Chiang Mai kwa mafunzo, na mafunzo yenyewe yalikuwa na ziara ya Mae Hong Son, jimbo la pembeni kabisa kaskazini-magharibi, linalopakana na Myanmar. Barabara namba 1095 inapanda kupitia mji mdogo wa Pai, na ukifika mwisho wake kuna cheti cha kununua kinachoshuhudia kwamba umepita kona 1,864. Sikukinunua. Tumbo langu lilikuwa bado linazihesabu.

Kwa eneo, Mae Hong Son inakaribiana na Mkoa wa Kilimanjaro, lakini wakati sensa ya mwaka 2022 ilikuta Kilimanjaro watu zaidi ya milioni 1.8, wakazi wa Mae Hong Son hawafiki 300,000. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni msitu, kiwango ambacho hakuna jimbo jingine la Thailand lililokifikia. Milima imeshikana bega kwa bega kuelekea mto Salween, ambao kwa sehemu ndio mpaka na Myanmar. Mabonde ni membamba. Humo wanaishi Washan, watu wa mpunga wa maji, vitunguu saumu na soya. Soya hiyo huichachusha, wakaitwanga na kuifanya visahani vyembamba vinavyoanikwa juani, kiungo ambacho bila hicho mboga yao haipikwi. Ukipanda juu ya mabonde unawakuta Wakaren na Walua, kisha Walisu, Walahu na Wahmong.

Mji wenyewe una ziwa dogo lenye mahekalu mawili ya mtindo wa Kiburma kando yake, na juu ya mji uko mlima wa Doi Kong Mu wenye minara miwili myeupe. Walituambia kwamba kutoka pale juu mtu anauona mji mzima. Siku tuliyopanda sisi hatukuona hata uwanja wa ndege, na uwanja huo uko katikati ya mji. Wenyeji husema mji wao una ukungu wa aina tatu: wa baridi, wa mvua, na wa moshi. Tulifika msimu wa moshi.

Mwenyeji wetu, ofisa mwenye adabu na mkarimu sana, alinyoosha kidole kwenye mteremko uliokuwa ukiwaka, akasema: "Watu wa milimani." Maneno hayo tu. Nilitikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu nami nimewahi kusimama kwenye barabara ya Lushoto, na mgeni pembeni yangu, nikanyoosha kidole vilevile.

Sasa niseme kilichokuwa daftarini. Niliandika: mwanzo wa Machi, mteremko wa kulia, moto wa chini, urefu wa goti, miti imesimama, majani makavu. Bwana misitu yeyote akisoma mstari huo anajua kwamba hilo si shamba. Shamba la mlimani hufyekwa kwanza, miti ikaangushwa, ikalala juani wiki kadhaa hadi ikauke, ndipo lichomwe. Moto unaotambaa chini ya miti iliyosimama ni moto wa majani. Misitu mikavu ya miinuko ya chini kule hupukutisha majani kuanzia Januari na Februari, majani mapana kiasi kwamba wenyeji huyaokota na kuyashona ili kuezekea nyumba, na yanapolala chini njiti moja tu ya kiberiti inatosha. Wakati huohuo hewa ya usiku inatuama bondeni, na hewa yenye joto inaikalia juu kama mfuniko wa sufuria, hivyo moshi wa huku na wa ng'ambo ya mpaka unakosa pa kutokea. Hayo yote niliyajua. Njiani niliyatambua hata mabua makavu ya alizeti mwitu, mmea uleule wa asili ya Mexico unaoota kwenye kingo za mashamba ya Usambara, ambao kule Mae Hong Son kila Novemba hugeuza vilima vya Doi Mae U Kho kuwa vya njano na kuvutia watalii kwa maelfu. Nililitambua ua bila ua. Moto uliokuwa ukiwaka mbele ya macho yangu nikashindwa kuutambua.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Wakaren tulifika kwao.

Kijiji kilikuwa milimani kusini mwa jimbo, upande wa Mae Sariang. Tulikaribishwa kwa mzee ambaye wote walimwita Pati, neno la heshima wanalompa mzee kama ndugu wa baba. Tulikaa chini kwenye sakafu ya mianzi, tukaletewa wali wa mpunga wa mlimani, boga la kuchemsha na pilipili ya kutwanga. Mzee aliongea kwa Kikaren, kiko mkononi. Mwalimu wa shule akayapeleka maneno yake kwenye Kithai, na ofisa kijana akatuletea sisi kwa Kiingereza. Mzee aliongea kwa kirefu, akionyesha milima mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa vidole, mara akicheka, mara akinyamaza. Kijana akageuka akatuambia: "Anasema wanatunza msitu." Niliandika "wanatunza msitu", nikaweka alama ya kuuliza mbele yake. Sikumwomba kijana aturudishie yote. Ilikuwa saa ya chakula, na basi lilikuwa linasubiri.

Baada ya chakula alitupeleka mlimani. Shamba la mwaka ule lilikuwa limefyekwa, matawi mengine yakiwa bado na ubichi. Visiki vilikuwa virefu, vingine vikinifikia kiunoni, ili vichipue mvua ikija, na miti mikubwa ilikuwa imeachwa. Kuzunguka shamba zima palikuwa na njia ya kuzuia moto iliyofagiliwa hadi kwenye udongo, na vijana walikuwa bado wanaisafisha kwa vikwanyua vya mianzi, wakitupa majani upande wa ndani. Nimesimamia usafishaji wa njia za moto kwenye mashamba ya miti ya Serikali, kwa vibarua wa kulipwa, na sijawahi kukabidhiwa njia safi namna ile. Shamba huchomwa Aprili, siku ambayo kijiji kizima kipo kulilinda, kisha hupandwa mpunga pamoja na maboga, matango, pilipili, magimbi na ufuta. Likishavunwa linaachwa lipumzike miaka saba, miaka kumi, wao wakizunguka kwenye viwanja vyao vingine hadi warudi palepale. Sasa mtu anayerudi palepale huyo anahamahama kwenda wapi? Ila neno lilikuwa kwenye vitabu vyangu, nikalitumia.

Tukiwa njiani kurudi, mzee alituonyesha mti mkubwa uliofungwa kipande cha mwanzi. Kwetu mtu akitaka kujua asili yako huuliza kitovu chako kimezikwa wapi. Wakaren hukitia kitovu cha mtoto ndani ya mwanzi wakakifunga mtini, na mti huo haukatwi maadamu mwenye kitovu yu hai. Hesabu mwenyewe kijiji kina miti mingapi ya namna hiyo. Niliupiga picha. Ikachapishwa kwenye makala ile, chini ya sentensi inayowashtaki watu hao kwa kuteketeza misitu, na maelezo yake niliyaandika mimi: "Imani za jadi bado zina nguvu." Leo nikiiona nataka kujificha.

Nimejiuliza sana jibu langu la haraka lilitoka wapi, nikaona ni la zamani kuliko mimi. Mji wa Mae Hong Son umeanzia kwenye tembo. Mwaka 1831 mtawala wa Chiang Mai alimtuma ndugu yake magharibi akakamate tembo pori, naye akaweka kambi ya kuwafunza karibu na kijito. Washan wakakusanyika hapo, wakaongezeka kila vita vilipozuka upande wa pili wa Salween, na mwaka 1874 kiongozi wao, Chankale, akapewa cheo cha Phaya Singhanatracha na kuwa mtawala wa kwanza wa mji. Sanamu yake iko chini ya Doi Kong Mu. Tembo walihitajika, lakini mali yenyewe ilikuwa mitiki. Magogo yalivutwa na tembo hadi mitoni, yakaelea na Salween mpaka Moulmein, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na ugomvi juu ya magogo hayo na usalama wa mpakani ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Waingereza na Siam kutia saini mkataba mwaka huohuo wa 1874. Mwaka 1896 Siam ikaunda Idara ya Misitu ya Kifalme, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Herbert Slade, aliyeletwa kutoka idara ya misitu ya Burma. Haikuchukua muda misitu ikawa mali ya dola. Walua na Wakaren waliokuwa wakilima milimani tangu kabla ya kambi ya tembo wakajikuta, kwenye karatasi, wavamizi wa mahali walipozaliwa.

Hapo ndipo aibu yangu inapokuwa ya kitaaluma. Hiyo elimu ya misitu iliyoingia Siam kutoka Burma ndiyo iliyotufikia na sisi. Mjerumani Dietrich Brandis, aliyepewa misitu ya mitiki ya Burma mwaka 1856, alikwama: mitiki ilikuwa inakwisha na hakuwa na watu wa kuipanda. Waliomkwamua ni wakulima wa milimani, Wakaren. Walifyeka mashamba yao kama kawaida, wakachoma, wakapanda mpunga na miche ya mitiki pamoja, wakaitunza miche hadi walipohama, wakaacha nyuma yao msitu. Mpango huo ukaitwa taungya ukaenea dunia nzima. Kenya wakauita mfumo wa shamba. Sisi tulifundishwa chuoni, tukautumia kwenye misitu ya Serikali, na ukienda Longuza kule Muheza ukaona mistari ya mitiki, unaona mti wa kwao na ufundi uliopita mikononi mwao. Nimefundisha taungya darasani nikimtaja Brandis. Wakaren sikuwataja hata siku moja, na nilipopata nafasi ya kuwaandika niliwaandika kama wachoma misitu.

Kuna jambo jingine ningeliuliza mapema lingenisaidia. Katika wilaya ya Pang Mapha, kaskazini mwa jimbo, yako mapango yenye majeneza ya magogo ya mitiki, yaliyochongwa na kupandishwa juu ya nguzo na watu walioishi huko kati ya miaka 2,300 na 1,000 iliyopita. Katika eneo la Tham Lod wanaakiolojia walifukua mifupa ya mwanamke aliyekufa miaka ipatayo 13,000 iliyopita. Yaani milima hii imekuwa na watu, na watu hao wamekuwa na moto na mashoka, tangu zama zisizosimulika, na bado ndiyo yenye msitu mwingi kuliko jimbo lolote la nchi ile.

Vipeperushi vya utalii navyo havikunisaidia, kwa maana vinakuonyesha sura moja tu: mwanamke wa Kikayan mwenye pete za shaba shingoni. Wakayan wa Mae Hong Son wengi wao ni wakimbizi, waliovuka mpaka tangu miaka ya 1980 wakikimbia vita katika Jimbo la Karenni. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika hadharani kwamba baadhi yao walikubaliwa kuhamia New Zealand na Finland lakini wakanyimwa ruhusa ya kutoka, ilhali watalii wanaendelea kulipa kiingilio kuwatazama. Nilimwona mmoja akifuma kitambaa bila kuinua macho. Sikuandika habari zake, na kwa jinsi nilivyokuwa nikiandika siku zile, afadhali.

Makala yangu haikulala kabatini. Ilidurufiwa na kugawiwa kwenye semina za maofisa ugani wilaya za milimani hapa kwetu, kama mfano wa yatakayotupata tusipowabana wakulima. Mimi mwenyewe niliisoma kwa sauti kwenye mkutano mmoja wa kijiji ulioitishwa kuzungumzia mipaka ya hifadhi. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mbele akaomba nafasi. "Mwanangu," alisema, "hao watu wa huko uliwauliza wao wenyewe?" Nikamjibu kwamba nilikwenda mpaka kwao, nikala nao. "Sikuulizi kula," akasema. Watu wakacheka. Nilicheka nao, nikaendelea na ajenda, na usiku ule ndipo nililitafuta daftari.

Basi nirekebishe. Moto wa kiangazi Mae Hong Son karibu wote huwashwa na binadamu, hilo sikukosea. Lakini wanaowasha ni wengi na sababu zao ni nyingi. Wapo wanaochoma majani ili wauone uyoga wa mviringo unaochomoza mvua za kwanza zikinyesha, ambao sokoni una bei nzuri. Wapo wawindaji na wachungaji wa ng'ombe. Yapo mahindi ya chakula cha mifugo, yanayolimwa mlimani kwa mkopo wa mbegu na mbolea, shamba lilelile kila mwaka bila kupumzishwa, na mabua yake huchomwa kabla ya msimu. Mahindi hayo yamejaa pande zote mbili za mpaka, na upepo haukaguliwi pasipoti. Sisemi Wakaren ni malaika. Vijiji vyao vingine vimeingia kwenye mahindi, na vingine vimefupisha miaka ya kupumzisha ardhi, tena mara nyingi kwa sababu mipaka ya hifadhi za taifa imewapunguzia viwanja vya kuzungukia. Lakini kilimo chao cha mzunguko, nilichokitaja kuwa chanzo cha moshi, Wizara ya Utamaduni ya Thailand ilikiorodhesha kuwa urithi wa taifa mwaka 2013, na miaka mitatu kabla yake, tarehe 3 Agosti 2010, baraza la mawaziri lilikuwa limepitisha azimio la kulinda maisha ya Wakaren na kutaka wasikamatwe kwenye ardhi yao ya jadi inayogombaniwa. Yote hayo yalikuwa yameshatokea kabla sijapanda ndege. Kwamba maazimio hayo huko milimani hayafuatwi ipasavyo ni hadithi nyingine, na kwetu nayo ipo.

Satelaiti ndiyo iliyonihadaa zaidi, au niseme nilikubali inihadae. Mwenyeji wetu alikuwa na ramani ya satelaiti iliyojaa vitone vyekundu vya moto, karibu vyote ndani ya misitu ya hifadhi, nami nikahitimisha kwamba walio ndani ya hifadhi ndio wanaochoma. Lakini jimbo ambalo zaidi ya asilimia 80 ni msitu, kitone kingeangukia wapi kwingine? Na satelaiti inaonyesha palipowaka. Aliyewasha haimwonyeshi. Mwanafunzi wangu angeniletea hoja ya namna hiyo ningemrudishia karatasi yake.

Mzee yule sijui kama nitamwona tena kumtaka radhi, wala hasomi Kiswahili. Wanaokisoma ni ninyi mliopewa nakala ya makala ile. Kama unayo, nakuomba ukurasa wa pili, aya ya kwanza, uifute kwa kalamu. Na wewe ofisa mwenzangu unayeendelea kuigawa kwenye semina, acha. Ukitaka mfano wa njia ya kuzuia moto iliyosafishwa vizuri, bakiza picha tatu za mwisho. Hizo ni za Wakaren, na maelezo niliyoyaandika chini yake usiyasome.